Kiti Namba Arobaini na Mbili

Maziwa yalianza kumtoka Bamurange saa nne na robo asubuhi, katikati ya kikao cha bunge la jimbo, akiwa amekaa kwenye kiti cha mheshimiwa mwingine.

Akavuta koti la kuazima likafunika blauzi. Mezani mbele yake palikuwa na kibao chenye namba arobaini na mbili na jina la mwanamume asiyemjua, na chini ya kibao vitufe viwili, kimoja chekundu, kimoja cha kijani. Alikuwa amekatazwa kuvigusa.

Kazi hii aliipata jana yake jioni. Ngarambe, anayewapeleka wahamiaji wa Louisville, Marekani, maghalani kwa niaba ya kampuni ya vibarua, alimpigia simu wakati akimwogesha mwanawe Gaju.

"Mama Gaju, kesho usiende kwa magodoro. Kuko kazi ya kukaa."

"Kukaa namna gani?"

"Kukaa! Kwa kiti! Bon, sikiliza. Bunge wamelifanya la kisasa. Wameweka kamera, kila mtu anaangalia kwa simu. Sasa kiti kikibaki wazi, ni haya. Mheshimiwa mmoja anaumwa mgongo. Utakaa pahali pake."

"Na kura?"

"Kura anapiga kwa simu, kwake, kitandani. Si nimekuambia ni la kisasa? Donc wewe usiguse kitufe. Usiongee na mtu, pale wote ni wakubwa. Ukigusa, kazi imeisha, na kwa magodoro pia usirudi. Na uvae viatu vya chuma, vile vya ghalani."

"Viatu vya chuma bungeni, kaka?"

"Kampuni inasema hakuna kazi bila viatu vya chuma. Mimi niseme nini?"

Alfajiri akamwacha Gaju, wa miezi minne, kwa jirani. Ngarambe alimfikisha kwenye mlango wa nyuma wa bunge, macho yake mekundu kama mtu aliyeendesha usiku kucha, akageuza gari papo hapo bila hata kuaga.

Basi akakaa. Miguu aliisukuma chini kabisa ya meza, viatu visionekane.

Na alichokiona kilimgusa moyo. Katika darasa la jioni la Kiingereza mwalimu alikuwa amesema bunge linabadilishwa lifanane na wananchi wake, naye akadhani ni maneno ya darasani tu. Kumbe kweli! Kushoto kwake alikaa mheshimiwa mama Mnepali, mwenye vidole vilivyopasukapasuka. Nyuma yake Mkuba mwenye mabega ya kubeba friji. Mbele, kijana Mburma. Wote kimya, migongo imenyooka, hakuna anayemtazama mwenzake. Nidhamu ya wakubwa hiyo, aliwaza Bamurange, naye akanyoosha mgongo.

Spika, mzee mnene mwenye suti iliyombana, alikuwa akisoma mswada polepole, kidole kikifuata mstari.

Kiingereza chake Bamurange alikiokoteza jioni jioni, mtoto mgongoni, lakini mswada huu aliuelewa wote. Kila mama anayenyonyesha, awe ghalani au kiwandani, apewe chumba chenye mlango unaofungwa, na dakika ishirini za kukamua maziwa, bila kukatwa mshahara wala kufukuzwa.

Kwenye ghala la magodoro yeye alikamulia chooni, wima, kifuniko cha chupa ameking'ata kwa meno, msimamizi akigonga mlango na kuhesabu kwa sauti: dakika sita, dakika saba. Wiki iliyopita, kwa haraka, mara mbili alimwaga yote sakafuni. Alilia kuliko Gaju.

Ukutani, kwenye ubao mkubwa, namba tisini za wabunge zikawaka nyeupe. Sekunde thelathini za kupiga kura.

Zikabaki nyeupe. Sekunde ishirini. Mheshimiwa wa kitandani labda alikuwa bado amelala, lakini hawa wengine walingoja nini? Kumi na tano.

Mama Mnepali alikuwa akivitazama vitufe vyake kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake.

Akibonyeza, Bamurange hana kazi. Asipobonyeza, Jumatatu ni choo tena, na Jumanne, na mama mwingine baada yake, amesimama palepale na kifuniko mdomoni. Sekunde tano. Blauzi ilikuwa imelowa chapachapa.

Kidole kikaenda chenyewe.

Namba arobaini na mbili ikawa ya kijani, peke yake kwenye ukuta mzima. Ingekuwa imeandikwa jina lake isingemtangaza zaidi. Kisha ikawaka arobaini na tatu. Kisha ya Mkuba. Kisha safu nzima, kisha nyingine, hadi namba zote tisini zikawa kijani kama shamba la mahindi baada ya mvua.

"Eh, Yesu wangu!" Likamtoka kwa Kiswahili, tena kwa sauti.

Spika akashtuka. Akainua uso, akamtazama Bamurange kwa muda. Bamurange akashika ukingo wa meza, akingoja walinzi.

Nyundo ikagonga.

"Mswada umepita," Spika akasema kwa Kiingereza chake cha kujikongoja. "Mapumziko. Dakika kumi na tano."

Waheshimiwa wote wakainuka kwa pamoja, hakuna aliyepoteza hata sekunde, na sakafu ya marumaru ikalia ngo, ngo, ngo, chuma juu ya jiwe, safu baada ya safu.

Spika naye akashuka ngazi, ngo, ngo, akaja moja kwa moja hadi kiti namba arobaini na mbili, akainama.

"Dada," akanong'ona, kwa Kiswahili kilekile cha kwao Bamurange, cha Uvira kule Kongo, "usimwambie Ngarambe. Hata miye nilibonyeza."