Kiwanda Kimefungwa Hadi Januari

Hatua zilisimama upande wa pili wa rundo la magodoro. Glenys Tarrant alijibana ukutani, akaziba mdomo kwa kiganja.

Ilikuwa asubuhi, siku mbili baada ya Krismasi. Kiwanda cha magodoro cha Dandenong, Australia, kilikuwa kimezimwa chote, na bati la paa lilikuwa likialika kwa joto la Desemba. Hakutakiwa mtu humo hadi tarehe kumi na mbili Januari. Hata yeye.

Alikuwa ameshona humo miaka ishirini na miwili. Novemba nyumba aliyopanga iliuzwa, na kila nyumba aliyokwenda kuiangalia alikuta watu arobaini wamejipanga mlangoni. Akawa analala kwenye gari, mpaka gari nalo likamfia. Hakumwambia mtu. Kwa umri wa miaka sitini na mmoja, angeanzia wapi?

Siku ya kufunga kiwanda, wenzake walichoma soseji uani, wamevaa kofia za karatasi. Sefina, Msamoa aliyeshona naye meza moja, akamtania: "Wewe Glenys unakwenda kupunga upepo kwa dada yako Warrnambool, sisi unatuacha huku tukaangike! Hata samaki hutuletei?"

"Nitakuletea kichwa. Mwili nakula mwenyewe."

Wakacheka wote. Dada yake alikuwa amefariki miaka mitano nyuma.

Meneja, Ross Pocock, alizunguka akiwaaga mmoja mmoja. Mwaka huo mkewe hakuja na keki yake ya pavlova.

"Yuko nyumbani anafunga mizigo," Ross alisema. "Kesho tunapaa, Bali hiyo!" Kisha akakaza uso. "Na sikilizeni. Sitaki mtu humu ndani kabla sijafungua mwenyewe. Umesahau miwani, umesahau meno, yaache. Nikimkuta mtu, kazi hana."

Watu walipoanza kutoka, Glenys alijipenyeza stoo ya vitambaa na mfuko wake wa mikate na maharagwe ya mkebe. Alisikia lango likifungwa. Alipothubutu kutoka, alinyata huku akingoja kengele ya wezi impigie kelele. Haikulia. Akamshukuru Mungu, akachagua godoro.

Siku mbili alilala kama mtoto. Ya tatu akasikia bomba la maji likifunguliwa upande wa ofisi, kisha likafungwa.

Mlinzi, aliwaza. Safari hii wameweka mlinzi!

Tangu hapo hakuvaa viatu wala hakukohoa. Hatua zilikuja asubuhi, zikaja tena mchana, polepole, kama za mtu anayesaka. Mara nyingine zilikatika ghafla, na Glenys akajua kwamba huyo mtu, popote aliposimama, alikuwa akisikiliza. Siku ya Krismasi yenyewe alikula mkate mkavu chini ya meza, akitafuna taratibu ili asisikike. Kesho yake alikuta mlango wa stoo uko wazi, naye aliuacha umefungwa.

Na sasa mtu huyo alikuwa hapa, hatua nne kutoka alipo.

"Toka," sauti ya mwanamume ilisema. "Najua uko hapo. Toka nikuone!"

Glenys alitoka ameinua mikono, macho chini, akaona kivuli cha chuma kilichonyanyuliwa juu ya bega. Alipotupa jicho, alimwona Ross Pocock mwenyewe. Maneno yakamtoka kwa fujo.

"Bosi, naondoka. Sasa hivi naondoka. Sijaiba hata uzi, niamini. Usinifukuze kazi tu, Bosi, nakuomba, sina pa kwenda."

Akangoja atukanwe. Akangoja asikie polisi wakipigiwa simu. Mwishowe akainua uso.

Ross alikuwa pekupeku, amevaa fulana na kaptula ya kulalia, ndevu za wiki nzima usoni, povu la dawa ya meno limemgandia kidevuni.

"Glenys? Siku zote hizi ni wewe?" Akakiacha chuma kikaanguka. "Mimi nilidhani wenye kiwanda wameleta mlinzi."

Akageuka kutazama mlango wa ofisi yake uliokuwa wazi, na shuka zilizotandikwa chini ya meza.

"Tafadhali," alinong'ona, "usimwambie mtu."