Jicho la Pili

"Imekataliwa."

Nyambura alilisoma neno hilo kwa mara ya tatu kwenye kioo cha kompyuta, akaipiga meza kofi. Ilikuwa saa nane na nusu. Saa kumi kamili marekebisho yake yalitakiwa yawe yameingia kwenye hazina ya kampuni, ile ghala ya mtandaoni inamohifadhiwa programu nzima ya kupanga malori ya soko la Kongowea. Yasipoingia, kesho alfajiri malori mawili ya nyanya yangeelekezwa kwenye nafasi moja, na madereva wa nyanya hawana subira. Naye Nyambura angekosa kazi. Bi Waridi, mwenye kampuni, alikuwa ametangaza wiki hiyo kwamba shughuli zimepungua, na kati ya watengenezaji programu wake wawili atabaki na mmoja.

"Mtandao umekatika?" aliuliza.

"Mtandao uko, tena wa kumwaga," alijibu Ishaka, mchoraji wa kurasa za programu, aliyekuwa akitazama mpira kwenye meza ya pili.

Basi akakagua ufunguo wake wa siri. Mzima. Akadhani labda kuna mtu aliyetangulia kuweka kazi mpya, maana hazina haikubali kazi ya zamani iifunike mpya. Akavuta yaliyomo hazinani yaje kwenye kompyuta yake. Hakuna lililobadilika. Akaisukuma tena kazi yake iingie hazinani. Imekataliwa.

"Hebu soma ujumbe mpaka mwisho, dada," alisema Ishaka bila kugeuka. "Nyinyi watu wa bara mwasoma nusu, mwakasirika nzima."

"Bara gani? Mimi nimezaliwa Chaani, hapa hapa pwani." Lakini akasoma. Chini kabisa paliandikwa: huna ruhusa.

Jana ruhusa alikuwa nayo.

"Mpe Nyevu akusukumie," Ishaka akashauri. "Yeye hajawahi kukataliwa."

Nyevu ndiye aliyeitwa jicho la pili. Bi Waridi alikuwa na sheria yake: kazi ya mtu haiingii mpaka mwenzake aisome na kuikubali. Mtengenezaji wa zamani alipoacha kazi, Bi Waridi alimwagiza Nyambura atafute mwenzake haraka, na kabla ya wiki kwisha jina la Nyevu likawa kwenye orodha. Kwa alivyoeleza Nyambura, ni mama wa mapacha wanaonyonya, akaaye Mtongwe, ng'ambo ya maji, asiyeweza kuvuka kwa feri kuja ofisini. Ishaka hakuwahi kumtia machoni. Lakini maandishi yake yaliwapendeza wote: salamu kwanza, dua kwa Bi Waridi, kisha kosa la Nyambura lilionyeshwa kwa upole, kama mtu anayekutoa uzi begani.

"Saa hizi ananyonyesha," alisema Nyambura.

"Basi ngoja saa kumi unyolewe bila maji."

Nyambura akaguna. Akaikunja kompyuta yake, akaikumbatia, akatoka nayo varandani kumtafuta Nyevu. Baada ya dakika kumi alirudi uso umemnawiri. Kwenye kioo cha Ishaka ukatokea ujumbe: "Shikamoo Bi Waridi, na hamjambo nyote hapo ofisini. Marekebisho ya mwenzangu yameingia salama. Mungu awabariki."

"Waona mtu huyo?" Ishaka akasifu. "Dakika kumi tu!"

Mlango wa ndani ukafunguka. "Nyambura, hebu njoo, mwanangu."

Bi Waridi alimkalisha, akamsogezea kikombe cha kahawa. Hakuwa mtu wa kukirimu wafanyakazi saa za kazi, na Nyambura akaogopa.

"Mimi ndiye niliyekufungia mlango wa hazina tangu asubuhi," alisema Bi Waridi. "N'lisahau kukwambia, niwie radhi. Nimewapima nyote wawili. Nyevu amekusahihisha mara kumi na nne. Wewe umemsahihisha mara ngapi?"

"Hata moja."

"Wamuona! Na akiandika, kwanza hunijulia hali. Wewe waingia tu na 'Kuna shida,' hata hodi huna."

Nyambura akafungua kinywa. Alikuwa ameihangaikia kampuni hii miaka miwili, na sasa alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. "Bi Waridi, kuhusu huyo Nyevu, kuna jambo ambalo..."

"Usimseme mwenzako!" Bi Waridi akamkatiza. "Leo hii, na watoto wawili kifuani, ni nani aliyekuingizia kazi yako?"

"Nyevu," alikiri Nyambura.

"Haya. Basi yeye ndiye abakiye. Wewe nitakuandikia barua nzuri, wallahi, ikufae popote uendapo. Sasa kakusanye vitu vyako, nami nimpigie simu nimpe habari."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Habari njema hailazwi."

Nyambura hakukusanya kitu. Alimpita Ishaka, akateremka ngazi mbili mbili mpaka nyuma ya duka la matairi lililo chini ya ofisi, mahali ambapo sauti haifiki juu. Simu yake ya pili, ile ndogo aliyoificha mfukoni, ilikuwa tayari inaita. Akajipangusa macho, akashusha pumzi, akaitika kwa sauti laini, ya polepole:

"Abee, Bi Waridi, shikamoo. Ndiye mimi Nyevu, mama. Niwie radhi kwa kukuweka, hawa watoto ndiyo kwanza wamelala."