Bangili ya Endeko

Tangu watafiti wamvishe kila mtu wa Bonde la Yaeda bangili ya afya, malaria ilibaki hadithi ya kutishia watoto. Bangili ilipima damu na kuita ndege ya dawa isiyo na rubani, na ndege hiyo haikumsikiliza mtu. Ilisikiliza bangili tu.

Lakini Mhadza, mwenyeji wa bonde hilo, ukimwomba kitu, anakupa. Babu Bagayo alipoiona bangili ya mjukuu wake Endeko, mwenye mimba ya miezi mitano, akasema, "Hebu nipe hiyo." Akapewa.

Kesho yake ndege ikamshushia Babu uji wa lishe, maziwa, na kibangili cha mtoto atakayezaliwa. "Mama, usibebe mizigo," bangili ikamwambia. Babu hakubisha. Vijana wakambebea upinde, naye akawa anatembea kashika kiuno, akilalamika kwamba harufu ya nyama inamtia kichefuchefu. Nyama yenyewe aliila.

Miezi miwili baadaye Endeko akavimba miguu. "Babu, nipe bangili yangu."

Ameombwa, afanyeje? Alipokuwa anaivua, ikalia. "Pole, mama. Siku sitini hatujasikia moyo wa mtoto. Tumemfuta kwenye orodha."

Ndege ikatua, ikachukua kile kibangili, ikapaa.

"Rudi wewe!" Babu akaikimbiza. "Mimba ni yake! Mimi nilikuwa nakunywa uji tu!"

Endeko akaivaa bangili yake. Mtoto akapiga teke, tumbo zima likacheza.

"Hiyo ni gesi, mama," bangili ikasema kwa upole. "Itapita."