Tiki za Kijivu

Mashua ya injini ilikuwa haijafika hata kisiwa cha Koyama, na Idris alikwisha kuitazama simu mara arobaini. Tiki mbili. Kijivu. Alhamdulillahi.

"Wangoja nini humo?" nahodha Mukhtari alimtania.

"Mke."

"Siku hizi huja kwa simu?"

Huondoka kwa simu, Idris aliwaza.

Siku tano nyuma, akiwa dukani kwake Kismayo, aliiona mikono ya mkewe Zaituni kwenye status, imechorwa hina hadi viwikoni, hina aliyomkataza kuionyesha watu, wazi kwa kila mwenye namba yake. Hasira ina vidole vyepesi. Akaandika: *Ukisoma ujumbe huu, nimekuacha.* Akatuma.

Talaka mbili alikwisha kumpa, na mara zote mbili akamrejea. Hii ilikuwa ya tatu. Ya tatu hairejewi.

Hasira ilipopoa, muda wa kuufuta ujumbe kwenye simu zote mbili ulikuwa umepita. Akakimbilia kwa Maalim Abdulrazaq.

"Mchu mzima waacha mke kwa kidole gumba!" Maalim alifoka kwa lafudhi ya Kibajuni. "Haya. Umesema akisoma. Amesoma?"

Idris akamwonyesha tiki: kijivu, bado hazijageuka buluu ya kusomwa.

"Kama hajasoma, angali mkeo. Nenda kaufute kwenye simu yake. Ukisoma wewe si neno. Asisome yeye."

Alipoteremka kisiwani Chovai, Idris alibisha hodi nyumbani mbio mbio, viatu mkononi vikichuruzika maji ya bahari.

"Karibu, Idris," Zaituni alijibu nyuma ya pazia la mlango.

Hakumwita Baba Hanan. Amenuna, Idris aliwaza. Itamwisha.

"Nipe simu yako, Mama Hanan. Usiitazame! Nipe tu."

Mkono ukapenya pembeni mwa pazia, umezongwa kanga hadi kwenye kucha. Ukaiweka simu kizingitini, ukarudi ndani upesi.

Idris akatabasamu. Kumbe maneno yake kuhusu hina yamemwingia!

Akaufungua ujumbe, akahakikisha ndio wenyewe, akaufuta. Akaketi papo hapo kizingitini. Kwa mazoea tu, akaitazama simu yake mwenyewe.

"Mtandao wenu huu!" akacheka. "Ujumbe nimeufungua kwa mkono wangu, na tiki bado kijivu!"

"Si mtandao," Zaituni alisema nyuma ya pazia. "Buluu niliizima siku ile uliponipa talaka ya pili."