Bembezi la Zuhena

Siku hizo hapakuwa na muziki mpya uliopigwa hadharani kabla mashine haijautajia wazazi, yaani nyimbo ulizotokana nazo. Zuhena, binti wa miaka kumi na tisa, alipeleka utunzi wake wa kwanza wa fidla mbili, viola na selo, roho yake kwatu. Aliamini mashine ingemtaja marehemu babu yake, mpiga fidla wa taarab, na bembezi la kumlaza utotoni ambalo mama alimtungia yeye peke yake.

Karatasi ilirudi na mstari mmoja: "Bembezi namba saba, mali ya kiwanda cha maziwa ya watoto." Babu hakutajwa kabisa.

Akaenda nayo jikoni. "Mama, si ulisema umenitungia wewe?"

Mama alikoroga mchuzi weee. "Tulipewa wimbo huo bure kliniki, pamoja na kopo la kwanza la maziwa. Ningekwambiaje, mwanangu, nawe ulikuwa ukilala kama pono?"

"Kwa hiyo umenilea kwa tangazo!"

Mama aligeukia jiko, na kwa mazoea tu akaanza kuliimba bembezi lile chini chini. Zuhena alitaka kumpigia kelele anyamaze. Badala yake mate yakamjaa kinywani, na mkono wake ukaenda wenyewe kabatini, ukashika kopo la maziwa ya kiwanda kile kile.