Sauti Yangu Redioni

Siku hizi ukiwaita walinzi wa pwani kwa redio, mtambo wao hukujibu kwa sauti ya mtu wa kwenu, usije ukataharuki. Mjukuu wangu Mize alichagua yangu.

Jana mashine ya kiboti chake ilizimika mbali. Leo yupo jikoni kwangu, mzima, anakula chapati, na roho yangu imetua.

“Bibi, ulinitegea vitendawili mpaka nikaokolewa! Kile cha mwisho tu kilinishinda.”

Akakitega. Sijapata kukisikia, naye anangoja jibu kwa bibi yake.

Nikaichukua redio yake, nikauliza.

Sauti yangu ikacheka kama nichekavyo. “Umeshindwa? Nipe mji.”

“Nakupa Wete.”

“Huo nishapewa jana. Nipe mwingine.”