Kiraka cha Mtu Mmoja

Ofisini kulikuwa na kompyuta yenye maktaba ya zamani, na mwenyewe hakujitaja.

Maktaba hiyo si ya vitabu. Ni mkusanyiko wa maneno ambayo programu huyatumia kuongea na kiini cha mfumo. Ikizeeka, maneno mapya haiyajui, na jaribio la kiini, yaani programu inayokipima, hugoma. Hapa lilikuwa haligomi kwa sababu ya kiraka: mistari michache inayoifundisha maktaba neno isilolijua.

"Nani kakishona hiki?" Mkuu wa kitengo aliuliza, akigonga skrini kwa kalamu.

"Mimi, shemeji," alijibu mdogo wa mkewe, aliyeandika majaribio yote.

"Kazini mimi si shemeji. Ni Mkuu. Unambembeleza nani?"

"Mtu mmoja tu. Mwache asitirike."

Wote wakamgeukia Kobe, aliyekaa karibu na mlango wa choo na kompyuta iliyoshikiliwa na selotepu. Kobe akatazama viatu vyake.

"Mashine yangu haijawahi kugoma hata siku moja," Mkuu alisema. Ilikuwa kweli. Haikuwahi kuguswa pia. Fundi aliyekuja kusasisha kompyuta za ofisi alifukuzwa kwenye meza ya Mkuu pale dirishani kama kuku jikoni. "Kesho mwenye kampuni anakuja. Kila mtu ataendesha jaribio mbele yake. Itakayogoma, mwenyewe aende nayo nyumbani, asirudi. Hatufugi maiti hapa."

"Hata kama ana mke na watoto?"

"Angewafikiria mapema."

Akakifuta kiraka kwa mkono wake mwenyewe, akaenda akipiga mluzi hadi kwenye gari la kampuni.

Jioni ile hakuna mwingine aliyetoka mapema; kila mtu alikuwa akikagua maktaba yake. Kobe alisasisha maktaba yake mara mbili, asije akawa ameota ile ya kwanza.

Asubuhi mwenye kampuni alipita meza kwa meza. Kwa Kobe, jaribio likapita. Kwa mdogo wa mke wa Mkuu, likapita. Likapita hadi kwa dada wa mapokezi, ambaye hakuna aliyemwomba. Ikabaki meza ya dirishani.

Mkuu akabonyeza. Likagoma. Akabonyeza tena.

Gari la kampuni lilibaki. Meza ya dirishani ilibaki, kiti cha ngozi kilibaki, na cheo kilibaki. Alitoka na kompyuta yake kwapani, na jina moja tu aliloachiwa: shemeji.